Mfalme wa Kidato cha Tatu

Jumatatu, 4 Machi
Mkuu wa shule katangaza: mkaguzi anakuja Ijumaa. Atakayemvutia zaidi kwa somo lake ndiye mkuu mpya wa idara. Tuko wawili, mimi wa Historia na yule wa Jiografia, mtu wa ramani na majigambo. Mada yangu tamu: jinsi fikra za wanafalsafa zilivyowaangusha wafalme wenye mamlaka yote. Nimepata wazo! Wiki nzima mimi mfalme, Ijumaa darasa linanipindua kwa hoja, mkaguzi hoi. Mke wangu kauliza mfalme gani asiyejua kupiga pasi shati lake. Nimemsamehe.

Jumanne, 5 Machi
Nimetawala. Hakuna kukaa bila ruhusa, hakuna kuuliza, ubao ufutwe mara tatu. Wametii! Nikawauliza kama hawaoni uonevu. Kiranja kajibu kwa adabu kwamba hawajaona tofauti na wiki iliyopita. Jibu hilo limenikaa kifuani hadi jioni.

Jumatano, 6 Machi
Leo fikra zenyewe: mamlaka hutoka kwa wanaotawaliwa, sheria iko juu ya mfalme. Yule binti wa dawati la nyuma, tunayemwita Kimya, kafungua mdomo mara ya kwanza muhula huu. Kauliza kama hayo yanawahusu wafalme waliokufa tu. Nilitaka kumkumbatia! Badala yake nimewagawia karatasi: nani aasi, aseme nini, dakika ngapi.

Alhamisi, 7 Machi
Mazoezi. Wameasi kama wanaosoma orodha ya mahudhurio. Kimya kagoma. Eti akiasi kwa kuagizwa, huko bado ni kutii. Nimemwambia asiniharibie mapinduzi. Wa Jiografia kachungulia dirishani akicheka. Mshenzi!

Ijumaa, 8 Machi
Mkaguzi kakaa nyuma. Nikatoa amri kwa sauti nzito. Kimya akasimama, akanirudishia karatasi zote mezani. Akasema samahani mwalimu, wameandika yao. Wanataka kuuliza bila kuitwa wajeuri. Wanataka mwalimu akikosea aombe radhi kama wao. Sahihi arobaini na moja! Nikajaa fahari, wallahi. Kisha nikajikuta nikisema: ketini, hayo hayamo kwenye karatasi.

Mkaguzi akaniuliza, kwa upole, nina jibu gani kwa wanafunzi wangu. Nikasema muda umekwisha. Zilibaki dakika ishirini.

Jumamosi, 9 Machi
Ukuu kapewa wa Jiografia. Mkaguzi kaandika kwamba wanafunzi wameelewa somo vizuri sana, na mwalimu naye asaidiwe alielewe. Imeniuma. Nimekaa barazani mchana kutwa nikijipima, na mwisho nimekiri: binti yule alisema kweli, niliwabana mno. Basi! Kuanzia Jumatatu, Kidato cha Tatu ni huru kabisa, kila mmoja ataniuliza swali lolote analotaka.

Maswali nimeshawaandikia, yote arobaini na moja.