Siku Kamati ya Ushindani Ilipoishiwa Petroli Kitengela

Nina heshima kubwa kuwatangazia wakazi wote wa Wilaya ya Kajiado, pamoja na wale wanaopita tu wakielekea Namanga, kwamba ushindani katika biashara ya mafuta umewasili. Umewasili kwa njia halali, umepigwa muhuri, na nakala yake imehifadhiwa. Mimi, Dalmas Obonyo, nilikuwa Katibu wa Kamati ya Wilaya ya Kupitia Mikataba ya Mafuta, kwa hiyo sisemi mambo ya kusikia.

Serikali iliacha kupanga bei ya mafuta katikati ya miaka ya tisini. Kila mwenye stesheni aliambiwa ajipangie bei yake. Wa Kitengela wakajipangia, na kwa bahati njema wote wakapanga ile ile. Ikipanda stesheni moja asubuhi, kabla ya chai ya saa nne imepanda na nyingine. Wananchi wakanung'unika kwamba hapo pana njama. Mwenyekiti wetu, Bwana Bedan Gakuru, aliliona jambo hilo kwa mapana zaidi.

"Obonyo," aliniambia, "hawa watu hawajawahi kukubaliana hata mahali pa kutupa takataka. Leo wamekubaliana bei. Sisi ni nani tuvunje umoja kama huo?"

Kamati ilikuwa na wajumbe watatu: Mwenyekiti, mimi, na mwenzetu ambaye uteuzi wake ulikuwa bado unashughulikiwa. Kwa miaka kadhaa hatukupata kesi hata moja, na tuliripoti Nairobi kwamba hali ya ushindani ni shwari.

Kisha, mwaka wa 2001, akaja Mama Nzula Kitheka.

Mama Nzula alikuwa na stesheni kando ya barabara ya Namanga, pale malori yanapoingilia kutoka machimbo ya mawe. Ploti ilikuwa yake na mumewe. Waliinunua wakati Kitengela ilikuwa nyasi na swala, kwa pesa ya mawe waliyochonga kwa mikono yao. Lakini pampu, matangi na bango vilikuwa vya Kampuni ya Tausi, na Tausi walikuwa na mkataba naye. Asinunue mafuta kwa mwingine. Auze kwa bei watakayopendekeza. Na siku wakiachana, asiuze mafuta popote wilayani kwa miaka mitano.

Alikaa na mkataba huo vizuri tu, mpaka alipoona malori ya mawe yanampita bila kusimama. Akashusha bei kidogo. Malori yakaanza kusimama. Tausi hawakumgombeza hata kidogo. Waliacha tu kumletea mafuta, wakamjulisha kwamba mwisho wa mwezi wangekuja kung'oa matangi.

Alifika ofisini kwetu Kajiado akiwa amevaa kitenge cha kanisani.

"Nimekuja kushtaki," akasema.

Nilimweleza kwamba kwa mujibu wa utaratibu, malalamiko juu ya mkataba huletwa na pande zote mbili kwa pamoja, ili kuonyesha nia njema.

Akavuta kiti, akakaa. "Kijana, wewe uko na bibi?"

"Niko naye."

"Siku ataenda kukushtaki kwa chifu, mtaenda pamoja?"

Nikafungua faili.

Mwenyekiti aliamua kwamba kesi isikizwe papo hapo kwenye stesheni, ili wananchi waone Serikali inavyowajali. Uamuzi wenyewe ulikuwa umeshapigwa chapa ili kuokoa muda: Mama Nzula aombe msamaha na arudishe bei. Mchana wa siku hiyo hiyo, ofisini Kajiado, tulikuwa na mgeni kutoka wizarani, ambaye Mwenyekiti angemweleza jinsi mafuta yanavyopatikana kwa wepesi katika wilaya yetu.

Tulipokuwa tukiondoka Kajiado, dereva wetu Katee akasema Landrova ilikuwa na petroli kidogo.

"Tunaenda wapi, Katee?" Mwenyekiti akamuuliza.

"Petrol stesheni, mzee."

"Sasa unataka tutie mafuta ya kuendea mafuta?"

Katee akawasha gari.

Tulifika salama. Chini ya paa la pampu tulipangiwa viti vya plastiki. Madereva wa malori na matanboi, wasaidizi wao, walikuwa wamekaa juu ya matairi makuukuu, maana hata bila mafuta waliendelea kuja hapo kwa chai na kwa habari. Mwenyekiti aliamkia hadhara kwa Kimaasai, "Supa!" Mtu mmoja aliyekuwa akipitisha mbuzi barabarani akajibu, "Ipa," na kuendelea na mbuzi wake. Wengine wote walikuwa Wakamba.

Upande wa Tausi uliwakilishwa na Bi. Cindy Nelima, meneja wa eneo, mwanamke mchanga mwenye suti nzuri, aliyekuja kwa pikapu ya dizeli ya kampuni.

"Sisi hatupangii mtu bei," alisema Cindy. "Sisi tunapendekeza tu."

"Na mtu asipofuata pendekezo?" Mama Nzula akauliza.

"Basi tunapendekeza aondoke."

"Kwa ploti yangu?"

"Ploti ni yako, mama. Mashimo yenye matangi ndiyo yetu." Cindy akageukia Kamati. "Waheshimiwa, huu mkataba ni kama ndoa. Mtu anakaa na mmoja."

"Mimi niko na bwana tayari," Mama Nzula akasema. "Anaitwa Kitheka, na hajawahi kuninyima mafuta."

Madereva wakacheka. Mwenyekiti akaagiza kicheko hicho kisiandikwe. Mama Nzula hakucheka. Alisimama ameshika pampu kama mtu anayeshika mkono wa mgonjwa, akasema kwa sauti ya chini kwamba yale matangi yakitoka, hapo patabaki shimo, na yeye na mzee wake hawana nguvu tena za kurudi kuchonga mawe. Nakiri kwamba hapo kalamu yangu ilisimama kidogo, pengine kwa sababu ya vumbi.

Mwenyekiti alimshukuru kwa mchango wake, akasoma uamuzi uliopigwa chapa, akafunga kikao. Tukaingia garini. Katee akawasha. Landrova ikakohoa, ikanyamaza.

"Imeisha, mzee," Katee akasema.

"Tia mafuta basi. Si hapa ni stesheni ya Tausi? Vocha ziko."

Hapa lazima nieleze kuhusu vocha. Ofisi zote za Serikali wilayani zilipata mafuta kwa vocha za Tausi, chini ya mkataba ambao Mwenyekiti mwenyewe aliutia saini, na ambao ulisifiwa sana kwa urahisi wake. Vocha zilikubaliwa kwenye stesheni za Tausi peke yake, na Kitengela stesheni ya Tausi ilikuwa moja.

"Pampu ni kavu, mheshimiwa," Mama Nzula akasema. "Ndiyo ile kesi tumetoka kusikiza."

Mwenyekiti akamgeukia Cindy. Cindy alieleza, kwa heshima zote, kwamba stesheni iliyofungiwa haiwezi kuletewa hata lita moja mpaka Nairobi waifungulie, na Nairobi wangekaa juu ya jambo hilo wiki ijayo. Pikapu yake ilikunywa dizeli. Angeweza kumpa Mwenyekiti lifti mpaka Kajiado, lakini Mwenyekiti aliitazama ile picha kubwa ya tausi mlangoni, akaona si vyema msimamizi wa ushindani ashuke humo mbele ya mgeni wa wizara.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na stesheni ya Ndulu, mfanyabiashara aliyejitegemea, asiye na mkataba na mtu. Pampu zake zilikuwa zinazunguka.

"Nitatoa pesa yangu mwenyewe," Mwenyekiti akasema, na wote tukaona ni siku ya pekee.

"Sori, sir," Cindy akasema. "Gari ya Serikali ikitiwa mafuta isiyo ya Tausi, mkataba umevunjika. Serikali inalipa fidia."

"Nani atajua?"

"Mimi niko hapa, sir. Na mimi nimeandikwa kazi."

Mwenyekiti akatoa kitambaa, akafuta jasho. Jua lilikuwa limepanda. Nilimwona akiitazama barabara ya kurudi Kajiado, halafu saa yake, halafu mimi.

"Katibu. Sheria inasema nini kuhusu mkataba wa namna hii?"

Nilimsomea. Sheria ilisema kwamba mkataba unaomfunga mnunuzi kwa muuzaji mmoja, hata akakosa pa kwenda, Kamati inaweza kuuchunguza na kuutangaza batili.

"Mbona hukuniambia asubuhi?"

"Hukuniuliza, mzee. Uamuzi ulikuwa umeshapigwa chapa."

Kikao kikafunguliwa upya. Mwenyekiti, akiwa amekaa kwenye kiti kile kile cha plastiki, alitangaza kwamba kifungu kinachoilazimisha Landrova ya Serikali iliyosimama hapo kununua mafuta ya Tausi pekee ni kandamizi, ni adui wa maendeleo, na ni batili.

"Na changu?" Mama Nzula akauliza. "Maneno si ni yale yale?"

"Mama, uamuzi huu unahusu magari."

"Sawa." Akarudi kwa pampu yake.

Mwenyekiti akawaomba madereva wamsaidie kuisukuma Landrova ivuke barabara. Hakuna aliyeinuka. Dereva mmoja mnene, Maundu, ambaye lori lake lilikuwa limejaa mawe, alijibu akiwa amekaa.

"Mzee, sisi ni watu wa kubeba mawe. Mgongo tuko nayo. Lakini huyu mama ndiye alitushushia bei. Tukisukuma hiyo gari na yeye abaki na shimo, kesho tutamwangalia na macho gani?"

"Unaizuia Serikali kufanya kazi?"

"Hapana, mzee. Serikali haina mafuta, ndiyo maana haiendi. Sisi tumekaa tu."

Tulijaribu kuisukuma wenyewe, mimi, Katee na Mwenyekiti. Ilisogea kiasi cha kutuvunja moyo. Mwenyekiti aliegemea boneti akihema, koti limeshika vumbi jeupe la mawe. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Obonyo, futa neno Landrova. Andika mnunuzi yeyote."

"Mnunuzi yeyote wa wapi, mzee?"

"Wilaya nzima. Andika haraka."

"Na matangi?" Mama Nzula akauliza.

"Yakae. Tausi wakuuzie kwa bei ya haki."

"Na bei ya mafuta?"

"Yako, mama. Panga unavyotaka."

Akatia saini juu ya boneti. Mama Nzula aliomba asomewe tena, polepole, na nilipomaliza alikaa kwenye kiti cha Mwenyekiti, akajifunika uso kwa ncha ya kitenge. Madereva wakainuka wote kwa pamoja.

Cindy alisema lazima akate rufaa, ndiyo kazi yake. Halafu akainama karibu na Mama Nzula. "Mama, hata mimi nimepanga nyumba hapa Kitengela. Pikapu inakunywa ya kampuni, lakini kagari kangu kako kwa nyumba, kamelala tangu bei ipande. Ukipata mafuta, nitumie neno."

Landrova ilivuka barabara ikiimbiwa. Kwa Ndulu, Mwenyekiti aliona bei kwenye ubao akashtuka.

"Ndulu, asubuhi tulipopita hapa ilikuwa chini."

"Asubuhi sikujua kama Mama Nzula bado hana mafuta," Ndulu akasema. "Sasa nimejua. Nitashindana na nani, mzee?"

Mwenyekiti akalipa.

Tulifika Kajiado tumechelewa, tukinuka jasho na petroli. Mgeni wa wizara alidhani tumetoka uwandani kufanya kazi, jambo ambalo hakuwa amelitegemea, akausoma uamuzi wetu, akausifu kuwa wa kijasiri. Aliubeba mpaka Nairobi. Rufaa ya Tausi ilipofika huko, wizara ilikuwa imeshajipongeza hadharani, ikawa vigumu kurudi nyuma. Mama Nzula akauziwa matangi, akapata mafuta kutoka kwa msambazaji mwingine, akapaka bango lake rangi ya buluu.

Ni baadaye tu wakubwa wa wilaya walipogundua maana ya "mnunuzi yeyote". Mkataba wa vocha ulikuwa umekufa pamoja na mingine yote. Kila mkubwa mwenye gari akaanza kutia mkono mfukoni. Kikao cha dharura kikaitwa, na kwa kutambua mchango wake Bwana Gakuru akapandishwa cheo hadi Loitokitok, katika wadhifa usio na gari.

Alihama kwa pikapu yake mwenyewe. Kwa kuwa vitu vyake vingine vilikuwa kwa dada yake Kitengela, alipitia huko kwanza, akasimama kwa Mama Nzula. Nilikuwepo, nimepanga foleni na kibuyu changu cha plastiki.

"Mama, bei ni ngapi leo?"

Akaambiwa. Safari ya Loitokitok ni ndefu na pesa ilikuwa yake. Alitafakari, akavuka barabara kwa miguu, akarudi.

"Ndulu ameniambia ya chini kuliko hiyo."

Mama Nzula akaupangusa ubao, akaandika upya. Mzee akavuka tena. Ndulu naye akapanda ngazi kwenye ubao wake. Mzee akarudi, amekunja mikono ya shati, anahema. Malori yalikuwa yameanza kujipanga pande zote mbili za barabara, na hakuna dereva aliyetaka kuwa wa kwanza kutia.

"Rudi tena kidogo, mzee," Maundu akamsihi kutoka dirishani. "Bado iko na nafasi ya kushuka."

Alirudi. Alivuka barabara ile mpaka saa za jioni, na kila alipovuka bei iliteremka. Kwa niaba ya Kamati naweza kuthibitisha kwamba katika maisha yake yote ya utumishi, hiyo ndiyo kazi kubwa zaidi Bwana Gakuru aliyoufanyia ushindani, na siku hiyo hakuwa akilipwa na mtu.

Alipojaza tangi na kuaga, madereva walimzunguka wakimwomba asihame.