Chango la Biasha na Akili Zangu Nyingi

Jumatatu, 1 Agosti 1938. Mchinga.

Biasha hakuamka leo. Chango la uzazi tena. Nimemwacha amejikunja mkekani, magoti kifuani, khanga kaiuma kwa meno ili majirani wasisikie. Tuna miaka sita ya ndoa, na kila mwezi ni hivi hivi. Mtoto hakuna. Nimemchemshia maji nikaenda kazini, maana cherehani haijui maumivu ya mtu.

Huko nikakuta Bakary anagawa tende. Bakary ni fundi mwenzangu, anashona baraza moja nami, mashine yake kushoto na yangu kulia. Mkewe kajifungua tena. Akaniuliza, kwa sauti ya kusikika mpaka msikitini, ni lini nami nitashona kishati cha mwanangu. Nikacheka sana, kuliko swali lilivyostahili. Suruali ya karani nimeishona miguu yote miwili ya kushoto.

Alasiri akaja mama. Amepata binti huko kijijini Miteja, kwa jamaa zetu, mtulivu na mwenye afya. Akasema Biasha abaki, hafukuzwi mtu, lakini dini imeruhusu mke wa pili. Nikamwambia nitafikiri.

Nilichofikiri nakiandika hapa tu. Na huyo wa Miteja naye asipozaa je? Mji mzima utaacha kumtazama Biasha, utanitazama mimi.

Jumatano, 3 Agosti.

Mpango umepatikana! Bi Esha wa Rutamba, yule mama wa Kimwera anayekanda matumbo ya wanawake, yuko hapa Mchinga kwa mpwa wake. Watu wanamfuata kutoka hata Lindi. Akimkanda Biasha kisha akamwambia mama kwamba kizazi kimepinda, mama atangoja kinyooke. Na lawama itajulikana inakaa wapi.

Nilimpelekea kuku. Njiani kamba ikakatika, kuku akaingia shamba la mihogo, nikafika mikono mitupu na matope hadi magotini. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa maji ya kunawa. Akaniuliza maswali. Mkeo anaumwa upande gani? Anaumwa akitembea, au akiinama? Akilala nawe je, anaumia? Kila swali nikajibu sijui.

“Umekaa naye miaka sita,” akasema.

Nikamwomba lile la kumwambia mama. Akajibu kwamba mikono yake ikikuta jambo, humwambia mwenye tumbo.

Ijumaa, 5 Agosti.

Siku ya kwanza ya kukandwa. Mimi nikatolewa nje. Nikazunguka nyuma ya ua nisikilize, mtu ana haki ya kujua mambo ya nyumba yake. Nilisikia mafuta ya nazi yakipashwa moto, kisha Bi Esha akiuliza, “Hapa?” na Biasha akijibu, “Hapo.” Hapa? Chini kidogo. Hapa? Hapo. Muda mrefu hivyo. Kisha Biasha akalia, lakini si kilio cha maumivu, hicho nakifahamu.

Nikaegemea nisikie zaidi. Makuti yakaachia, nikaanguka na upande mzima wa ua. Bi Esha hakugeuza hata kichwa. Akasema kwa kuwa nimeshaushika, niujenge.

Baadaye Biasha aliniambia hajawahi kupata mtu wa kumuuliza panapouma ni wapi. Nadhani alikuwa anawasema waganga.

Alhamisi, 11 Agosti.

Bi Esha anakuja siku moja, siku moja anapumzika. Biasha amelala usingizi mzima. Ameteka maji mwenyewe. Leo nilimsikia akiimba jikoni, nikasimama mlangoni nimeshika viatu vyangu mpaka wimbo ukaisha.

Bi Esha akatukalisha wote wawili. Akasema nyama za upande wa kushoto zilikuwa zimekakamaa kama kamba iliyofungwa ikasahauliwa, sasa zinalegea, na maumivu yatazidi kupungua. Mimi nikauliza kuhusu mtoto.

“Mtoto ni jambo jingine,” akasema. “Mimi nakanda, siahidi. Lakini mkitaka kujua, mjue wote wawili. Lindi kuna daktari anayepima na wanaume.”

Papo hapo nikakumbuka kanzu ya mteja inayosubiriwa haraka. Nikatoka. Hakukuwa na kanzu.

Jumamosi, 13 Agosti.

Mama alifika barazani. Watu wa Miteja wanataka jibu. Aliyasema hayo mbele ya Bakary, naye akapunguza mwendo wa mashine yake asipitwe na neno.

Ulimi ukanitangulia. Nikasema Biasha ana mimba.

Mama akakaa chini kwenye mchanga, akainua mikono, akamshukuru Mungu mpaka sauti ikamkatika. Bakary akainuka, akanipa mkono, akanikatia kitambaa cha bafta bora kuliko zote alizonazo. Kwa ajili ya kishati, akasema. Sikumbuki mara ya mwisho kushikwa mkono namna ile.

Na tukitazama vizuri, si uongo. Bi Esha amekwisha fungua njia, mimba itaingia wakati wowote, na habari itakuwa imetangulia kidogo tu. Mtoto akichelewa mwezi, nani atahesabu? Kishati nimekishona leo leo. Kola imenitoka vizuri.

Jumatatu, 15 Agosti.

Habari imekimbia kuliko nilivyopanga. Wanawake wamejaa uani tangu asubuhi na unga, na ndizi, na udongo wa kutafuna. Walimkuta Biasha anatwanga, wakamnyang'anya mchi. Mama akampigia magoti, akambusu tumbo. Biasha akanitazama juu ya vichwa vyao. Aliwapikia uji wote.

Walipoondoka akaniuliza, “Umewaambia nini, Abilahi?”

Nikamweleza mpango wote, mwanzo mpaka mwisho. Nilitegemea akiusikia kwa ukamilifu wake ataona uzuri wake.

“Miaka sita wananiita mgumba, nami nimenyamaza,” akasema. “Sasa umenifanya mwongo. Mwezi ujao nikiona damu utawaambiaje? Nimeitoa?”

Nikasema tunaweza kusingizia jini. Akaanza kukusanya sufuria. Aliziosha zote, hata zile safi.

Jumatano, 17 Agosti.

Biasha amekwenda kwa mama yeye mwenyewe, na Bi Esha nyuma yake. Akamwambia hakuna mimba, haikuwapo. Akamwambia pia kwamba tumbo limepoa, na kwamba anakwenda Rutamba na Bi Esha kumalizia kukandwa. Mama akauliza ile habari ilitoka kwa nani basi. Akajibiwa amuulize mwanawe. Haya yote nimeyapata kwa mama.

Maana mama alikuja. Mtu mzima, jua la utosi, bila mwavuli. Nilijua atafoka, nikawa nimeandaa majibu. Hakufoka. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akahema kwanza.

“Ungeniambia tu kwamba unaogopa, mwanangu,” akasema. “Mimi ni mama yako. Miteja nimewajibu hapana.”

Kisha akaondoka. Nikamtazama Bakary, nikingoja. Alikuwa ameinamia kitambaa, na mashine yake kimya. Hakunisema hata kidogo. Afadhali angenisema.

Biasha akapita kuaga. Furushi kichwani, mgongo umenyooka. Tangu harusi sijamwona akitembea hivyo, bila mkono kushika ubavu.

“Sikuachi,” akasema. “Siku utakayokwenda kwa daktari Lindi, niite, nitakaa nawe. Mpaka hapo niko Rutamba.”

Alipopinda kona nikalia kidogo ndani ya hariri ya mteja. Imeacha doa. Mteja amekataa kuipokea.

Ijumaa, 19 Agosti.

Nyumba ni kimya. Nimepika wali, umeungua. Lakini mtu akikaa peke yake akili hufunguka, na yangu imefunguka.

Jumatatu nakwenda Rutamba. Nitamwambia Biasha nimekwisha pimwa Lindi, peke yangu, kwa kuwa sikutaka kumsumbua, na kwamba daktari amenikuta mzima kabisa. Atafurahi. Atarudi siku hiyo hiyo. Mama atafurahi pia, na Bakary nitampa kishati amvike mwanawe, nimwonyeshe sina kinyongo.

Nimeandaa kila kitu. Nimenunua dawa ya vidonda nikaipaka kwenye kanzu, ninukie hospitali. Bendeji nimekata katika ile bafta iliyobaki. Nilimuuliza Bakary mwanamume aliyepimwa hufungwa bendeji wapi. Akaniuliza ninaumwa wapi. Nikasema kichwa. Basi nitafunga kichwa.

Kuna jambo moja tu. Lori la Rutamba hupitia Lindi, na husimama mbele ya mlango wa hospitali kushusha wagonjwa, wakati mwingine kwa muda mrefu. Nimekwisha zungumza na utingo asinishushe. Nitabaki juu ya mizigo.