Sajini wa Chumba Namba Sita

Tapeli mwenye kujiheshimu haamki mapema. Ndiyo maana saa nne asubuhi Justin alikuwa bado anapiga miayo nyuma ya kimeza chake cha kava za simu, pale Maili Moja, alipomwona mzee mmoja amechuchumaa kwenye lundo la mitumba, machozi yanamlengalenga. Mkononi alishika askari wa plastiki, mrefu kama kidole cha kati, amekatika mkono mmoja.

"Shikamoo mzee. Umefiwa?"

"Marahaba. Huyu ni wa Kikosi Radi," mzee alisema. "Viungo kumi na vinne! Anakunja goti, anakunja kiwiko, anageuza shingo. Midoli ya siku hizi imekakamaa tu kama mtu anapigwa picha ya pasipoti."

Huyo alikuwa Mwalimu Nikolaus, mstaafu wa Tumbi. Kikosi Radi kilikuwa na askari ishirini na wanne, na Mwalimu alikuwa nao ishirini na watatu, wamepangwa kwenye kabati la vioo ambalo marehemu mkewe alilinunua kwa ajili ya vyombo vya wageni. Alikuwa amemkosa mmoja tu, Sajini Mwewe, mwenye ndege kifuani.

"Atakayeniletea Sajini Mwewe ataondoka na pikipiki yangu," alisema Mwalimu. "Ile nyekundu, iko barazani. Magoti yangu mimi hayakunjiki tena."

Justin akaacha kupiga miayo.

Inabidi tumtendee haki. Katika maisha yake alishawauzia watu kila aina ya uongo, ila jambo moja lilikuwa kweli tupu: alimpenda Herieth wa Sofu. Kwa bahati mbaya, miezi mitano mfululizo alikuwa amemwambia Herieth kwamba ana pikipiki, ila iko gereji. Herieth alikuwa amechoka. "Jumapili baada ya misa nataka kuiona hapa kanisani," alimwambia. "Isipokuja, na wewe usije." Na siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

Sasa basi, Sajini Mwewe Justin alimjua. Alishawahi kulala naye chumba kimoja. Ilikuwa Kisarawe, kwenye gesti ya Bi Mwamvita, alikojificha siku mbili baada ya kuuza sumu ya panya iliyowanenepesha panya. Wenye gesti wote wanajua kwamba mgeni huondoka na ufunguo mfukoni, kwa hiyo hufungia ufunguo kwenye gogo la mbao. Bi Mwamvita aliona magogo yanamharibia sura ya biashara. Yeye alifungia midoli aliyoipata kwenye gunia la mitumba, na ufunguo wa chumba namba sita ulining'inia kwenye mguu wa askari mwenye ndege kifuani.

Jumamosi Justin akatua Kisarawe, amenyoa ndevu ili asitambulike, amevaa shati la kuazima na kalamu tatu mfukoni.

"Shikamoo mama. Naitwa Inspekta Yassin, kutoka Ukaguzi wa Vishikio vya Funguo."

"Marahaba. Kumbe siku hizi vinakaguliwa?"

"Tangu mwezi uliopita. Plastiki ya zamani inaleta muwasho. Nimekuja kuchukua cha chumba namba sita."

"Mbona unaanzia sita, baba?"

"Wilaya ya jirani wameishia tano."

Bi Mwamvita akainamisha kichwa kwa heshima, kisha akamsogezea kitabu cha wageni. "Hata mkaguzi anaandika. Hiyo ndiyo sheria ya nyumba."

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Kwenye Jina, Justin akaandika Inspekta Yassin, kwa mwandiko wa kiofisi. Kwenye Kazi akajaza mistari miwili mizima ya vyeo. Lakini ujanja nao una kiasi chake, na alipofika safu ya Atokako na Aendako ulikuwa umemwishia. Mkono wake, ambao haukuwahi kufundishwa kazi ya mdomo, ukaandika: *Tumbi, kwa Mwl. Nikolaus*. Mara mbili.

Kisha akatoa kisanduku cha sabuni, akakifungua mezani. Ndani alikuwa ametandika pamba nyeupe, safi, ya kulalia mtoto mchanga.

Bi Mwamvita akaitazama pamba. Akakitazama kitabu. "Kunywa chai, baba," alisema. "Nakuletea sasa hivi."

Sasa hivi ikachukua nusu saa. Aliporudi, kiganjani alikuwa na askari mweupe kama muhogo uliomenywa, ananuka majivu.

"Nimemsugua kama sufuria," alisema Bi Mwamvita kwa fahari. "Kitu changu hakiendi kwa wakubwa kikiwa na jasho la wageni. Halafu viungo vyake vilikuwa vinalegealegea, nikavitia gundi."

"Vyote?" Justin aliuliza.

"Vyote kumi na vinne."

Mtu aliyetulia angejiuliza Bi Mwamvita amejulia wapi kuvihesabu. Justin hakuwa ametulia. Jioni hiyohiyo, Maili Moja, aliazima rangi ya kucha saluni akamchora ndege upya kifuani. Ndege akatoka kama kuku aliyegongwa na lori.

Jumapili asubuhi alifika barazani kwa Mwalimu Nikolaus, kisanduku mkononi. Pikipiki ilikuwa inanguruma, na juu yake, kofia ngumu juu ya mtandio, alikaa Bi Mwamvita.

Mwalimu hata hakumwona Justin. Alikuwa mezani anamkunja magoti Sajini Mwewe wa kweli, rangi yake yote, ndege wake kifuani, huku analia waziwazi.

"Wa kwako ni wa ufunguo wa stoo," Bi Mwamvita alimwambia Justin. "Mtu anayekuja kuchukua takataka haji na pamba, mwanangu. Njia ya mwongo fupi, na wewe ya kwako uliniandikia kabisa."

Mwalimu akanyoosha shingo kwenye kisanduku. "Huyo ni mpishi wa kikosi," alisema kwa huruma. "Ninao wanane wa ziada."

Justin akakaa kwenye ngazi. Kwa mara ya kwanza tangu abatizwe, akasema ukweli kuanzia mwanzo mpaka mwisho: Herieth, gereji, miezi mitano, misa.

"Panda nyuma," alisema Bi Mwamvita. "Nitakufikisha Sofu. Kudanganya sikusaidii."

Misa ilikuwa imetoka. Herieth alisimama kwenye geti la kanisa, mikono kiunoni, akaiona pikipiki nyekundu inakuja, mama mtu mzima akiendesha na Justin nyuma amemshikilia kama mzigo wa mkaa.

"Justin, ndiyo hiyo pikipiki yako?"

Justin akateremka, akamwonyesha Bi Mwamvita kwa kidole.

"Ni yangu mimi, binti," alisema Bi Mwamvita. "Ya kwake ni hii." Akamkabidhi Herieth kisanduku cha sabuni, akatia gia, akaondoka zake Kisarawe.

Herieth akamtoa mpishi kwenye pamba. Akajaribu mkono, ukagoma. Akajaribu goti, likagoma.

"Huyu hapigi magoti?"

"Hapigi," alisema Justin kwa sauti ndogo. "Ametiwa gundi."

Herieth akamtazama mpishi, akamtazama Justin, akaitazama barabara iliyojaa vumbi na waumini wote wa misa ya pili.

"Wewe je, umetiwa?"

Justin akapiga magoti.