Panzi Waliokumbatia Mtama

Jumatatu, 7 Aprili 2025
Ringwani. Mke wangu Gati bado yuko kwao. Kisa? Nilifuga nyuki chumbani. Alisema atarudi nikipata akili. Nimeipata!

Bwana shamba Nikodemo amenionyesha panzi waliokufa wamekumbatia ncha za mabua, kama watoto mgongoni mwa mama. Anasema ni ukungu. Unamwingia panzi, unamtawala, unampandisha juu afie huko. Vumbi lake likiwaangukia wenzake, nao wanaugua.

Mtama wa mama mkwe umejaa panzi. Nikiuokoa, Gati atarudi! Nikodemo kanionya kwamba ukungu hautumwi kama mtoto dukani. Wivu tu.

Jumatano, 9 Aprili
Nimekusanya panzi wafu, kopo zima. Nimewahurumia. Hata mimi, tangu nimwone Gati mnadani Mugumu, kichwa si changu.

Ijumaa, 11 Aprili
Balaa! Asubuhi nilikuwa shambani kwa mama mkwe, nawafunga panzi wafu kwenye mabua kwa uzi. Akatokea mwenyewe! Kwa mila yetu sipaswi kukutana naye uso kwa uso. Nikajifunika shati kichwani, nikachuchumaa.

Kosa! Mtu kajifunika, kopo la wadudu wafu mkononi, shamba si lake. Akapiga yowe: mchawi! Majirani wakaja na fimbo. Nikatoa shikamoo ndani ya shati. Hakuna aliyeitikia.

Gati akaja mbio, akasimama kati yangu na fimbo.

“Huyu si mchawi,” akasema. “Mchawi hupanga mambo yake. Huyu ni mume wangu.”

Mume wangu! Akanitoa panzi nyweleni, mmoja mmoja.

Jumapili, 13 Aprili
Gati amerudi! Panzi wa mama mkwe wazima, wanene, wanaendelea kula. Gati anasema ujanja wangu haukumrudisha. Aliogopa wangeniua kabla hajanisamehe. Nikasonga ugali, ukashika chini. Akaula wote.

Akataka niahidi: mambo ya wadudu basi. Nimeahidi kwa moyo wote.

Wakati naosha sufuria, nikamwona nzi ukutani. Kafa, mbawa juu, unga mweupe umemzunguka. Na bucha ya hapa senta ina nzi! Wanamsumbua sana Gati akienda kununua nyama. Nimemfunika kwa kikombe.

Simwambii sasa. Atafurahi mno!