Maana ya Bogenvilia

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe (mwenyewe hajakubali kuwa mama mkwe, ndiyo shida) hataki kunipa binti yake. Eti nina maneno mengi. Mimi! Nimempelekea mche wa bogenvilia kutoka kitaluni ninakofanya kazi. Akauliza jina hilo maana yake nini. Ulimi ukaniponza: nikasema ni neno la kale la ng'ambo, maana yake "mama mkwe asiye na mpinzani". Akatabasamu! Nikapewa chai, tena kikombe chenye kisahani.

Jumatano, 5 Machi
Mchumba wangu kauliza neno hilo nimelitoa wapi. Kitabuni. Kitabu gani? Cha kijani. Akaniangalia kama yai analolishuku.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa! Mama mkwe ni fundi cherehani. Kayadarizi maneno yangu kwenye pazia la duka, herufi kubwa, uzi mwekundu. Nikamshauri kwamba pazia tupu hupendeza zaidi. Akasema nimeanza wivu.

Jumamosi, 8 Machi
Mwalimu mstaafu alikuja kupunguziwa suruali. Kasoma pazia, kacheka mpaka miwani ikamdondoka. Akaeleza mbele ya wateja wote kwamba jina linatokana na nahodha mmoja aliyezunguka dunia kwa meli. Mama mkwe hayumo kabisa katika maana hiyo. Mama akaniita. Macho yake yalikuwa yanalengalenga machozi, na jamani, niliona aibu ya kweli. Nilikusudia kuomba radhi. Nikajikuta nasema huyo nahodha alikimbilia baharini kwa sababu ya mama mkwe wake. Mdomo wangu haungoji akili! Mama akasema njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeishia mlangoni kwake. Nikatoka.

Jumapili, 9 Machi
Mchumba kaniombea msamaha, kalia hadi sauti imemkauka. Mama kakubali, ila kwa sharti: miezi mitatu bila uongo hata mmoja. Nikiteleza, hakuna harusi. Nimeapa. Leo nimesema kweli tangu asubuhi. Inachosha.

Jumatatu, 10 Machi
Nimelifumua lile pazia mwenyewe, uzi kwa uzi. Mama akalainika. Akanionyesha ua la njano kwenye kopo dirishani, akauliza kwa upole linaitwaje. Silijui, sijawahi kuliona. Nyuma yake mchumba alikuwa ananikonyeza, akinisihi kwa midomo niseme tu sijui. Neno moja tu, na harusi bado ipo.
Nikakohoa. Nikamwambia Mama aketi kwanza, maana jina la ua hilo lilitolewa na malkia.