Udaktari kwa Niaba

Umma wote, kuanzia Mtumba kwenye wizara hadi vile vijiji ambako gari la serikali hufika wakati wa kampeni tu, ulitangaziwa jambo jema: Bwana Methodi Lubuva, Mkurugenzi wa Mawasiliano katika Wakala wa Taifa wa Uratibu wa Taarifa Zitakazotolewa Baadaye, ameamua kuwa daktari. Si wa sindano. Wa falsafa, fani ya mawasiliano.

Uamuzi huo ulipitishwa na kikao cha menejimenti chini ya uenyekiti wake mwenyewe, bila kupingwa. Kamati ya Kumpongeza iliundwa. Fundi mmoja wa Kizota alishachonga kibao cha mlangoni, herufi za shaba, DKT. METHODI LUBUVA, nacho kilishafungwa na kilikuwa kinang'aa. Kilichobaki ni kusoma tu, na hilo halikuwa na haraka.

Asije mtu akasema ni majivuno. Kiti cha Mkurugenzi Mkuu wa Wakala kilikuwa wazi, na bodi ilitaka mtu mwenye udaktari au, kwa uchache, aliyekwisha kudahiliwa kuusomea. Methodi alikitaka kiti kile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, mkewe akiwemo. Kilikuwa cha ngozi, cha kuzunguka, chenye mgongo mrefu kupita kichwa cha mkaaji. Mara kwa mara aliingia ofisini mle kwa kisingizio cha kukagua kiyoyozi, akakikalia kidogo.

Ujuzi wa fani alikuwa nao tele. Simu ya mezani kwake ilikuwa haijapokelewa tangu ahamie Dodoma. Kwenye korido kulikuwa na benchi la wananchi wanaosubiri taarifa, na wapo waliofahamiana hapo mpaka wakaozeshana watoto. Mkongwe wao alikuwa Mzee Petro, Mgogo wa upande wa Bahi, aliyekuwa akifuatilia kisima cha kijiji chao.

"Mbukwenyi, bwana mkubwa," Mzee Petro alimsalimu kila asubuhi.

Kila asubuhi Methodi alipita akiwa na simu sikioni, tena imezimwa. Kwa mtu wa umri wa baba yake hata shikamoo hakuwa nayo. Utaalamu wa namna hiyo hausomewi mahali.

Basi maombi yakaandikwa. Mada ya utafiti aliitunga mwenyewe: "Mchango wa Ukimya katika Kuimarisha Mawasiliano baina ya Serikali na Wananchi." Chini yake, palipotakiwa maelezo, aliandika kwamba maelezo yatatolewa baadaye. Chuo, kule Chimwaga, kikamwita kwenye usaili.

Hapo ndipo lilipozuka suala la itifaki. Katika utumishi wake wote Methodi hakuwahi kwenda mahali alipoalikwa. Mkubwa akialikwa hutuma mwakilishi na hotuba. Mwakilishi husoma, wenyeji hupiga makofi, na mkubwa hubaki mkubwa. Anayefika mwenyewe watu humtazama mara mbili mbili: huyu kwao hana kazi?

"Baba Loisi," mkewe Restuta alimwambia huku akichambua mlenda, "usaili ni wako. Nenda mwenyewe. Asiyekuwepo na lake halipo."

"Huo ni msemo wa watu wasio na wasaidizi," Methodi alijibu.

Akamtuma Sidonia, afisa habari. Kazi ya Sidonia ilikuwa kutumwa. Alishazindua vyoo vya shule, akafunga mashindano ya ngoma, akalia kwenye misiba ya watu asiowajua, yote kwa niaba. Alisimama mbele ya jopo, akafungua hotuba.

"Mwenyekiti wa jopo, Profesa Hilda, na wajumbe wote, itifaki imezingatiwa. Mkurugenzi alitamani sana kuwa nanyi leo, lakini ametingwa na majukumu ya kitaifa."

Saa hiyo Mkurugenzi alikuwa juu ya kile kiti, anakizungusha.

Profesa Hilda alivua miwani. "Mama, huu ni usaili wa udaktari."

"Ndiyo, Profesa. Nimetumwa niufanye."

"Tukimdahili, nani atasoma?"

"Sijaelekezwa. Ila kwa utaratibu wetu, ni mimi."

"Una shahada ya uzamili?"

"Ninayo, ya mawasiliano."

"Na huo ukimya mnaotaka kuutafiti, unaufahamu?"

"Ofisi yangu imepakana na yake, Profesa. Data ninazo za kutosha."

Jopo lilinong'ona kidogo. Kisha Profesa akatamka kwamba chuo hakina kanuni ya kumdahili mtu ambaye hakikumwona. Aliyeonekana ni Sidonia. Atadahiliwa Sidonia, na barua itataja kwamba ni kwa niaba ya Bwana Methodi, ili itifaki isivunjwe.

Methodi alipoisoma ile barua machozi yalimlengalenga. Udaktari bila kufungua kitabu! Aliipeleka kwenye bodi siku ileile. Kamati ya Kumpongeza ikachinja mbuzi, naye akakabidhi ofisi yake ya zamani kabla ya wakati, mwingine akahamia humo. Kibao cha shaba kikahamishiwa kwenye mlango wa Mkurugenzi Mkuu.

Bodi ikaketi, maana yake wakaketi wawakilishi wa wajumbe, kwa kuwa mjumbe hata mmoja hakufika. Hawakuona kasoro yoyote. Sifa ya mwombaji imebebwa na mwakilishi wake, wakaamua, hivyo Bwana Methodi ameteuliwa, na kiti atakikalia kwa uwakilishi. Sidonia atakaa hapo, na gari na mhuri, mpaka mhusika atakapomaliza majukumu yake ya kitaifa.

Methodi alikimbilia kwa karani wa bodi, jasho likimtoka.

"Andika kwamba sina majukumu yoyote ya kitaifa," alisema. "Sina kazi. Sijawahi kuwa nayo."

Karani alimtazama kwa huruma. "Mtu asiye na kazi hawezi kuwa Mkurugenzi Mkuu, mzee. Nikiandika hivyo, uteuzi unafutwa."

Hakuandika. Jumatatu Methodi alikwenda mwenyewe, kwa miguu yake, hadi kwenye ule mlango wenye jina lake. Katibu muhtasi, Asnath, alimzuia kwa adabu.

"Asnath, jina langu hilo hapo."

"Naliona, bosi. Lakini mwenye jina hilo ametingwa na majukumu. Suala lako limepokelewa, taarifa itatolewa baadaye."

Mlango ukafunguliwa. Sidonia akatoka, simu sikioni, akapita bila kugeuka. Methodi aliitazama ile simu. Kioo kilikuwa cheusi.

Akageukia korido. Aliona aibu, lakini miguu ilikuwa imechoka. Mzee Petro akajisogeza, akapapasa mahali palipobaki wazi.

"Shikamoo, mzee," Methodi alisema.

"Marahaba. Mbukwenyi." Mzee Petro alimsubiri akae. "Egemea ukuta, bwana mkubwa. Benchi hili halina mgongo."