Hati Tisa za Kiwanda cha Saruji

Kaka yake Kinanda alifariki Jumanne saa tatu asubuhi, akiwa ameketi mezani na kalamu ya wino mkononi, kama mtu aliyeitwa mara moja nje na kusema anarudi sasa hivi. Hakurudi. Kalamu ilibidi mkewe aje kuitoa vidoleni.

Kwa miaka kumi na minane ndugu hawa wawili walikula kwa kazi moja ambayo, kwa heshima ya marehemu, tutaiita ushauri. Kaka alikuwa kichwa na mkono. Aliandika barua za wakubwa, alichora vyeti, alichonga mihuri kwa mpira wa kandambili, na ukiigonga kwenye karatasi hata mwenye muhuri halisi angesimama na kusalimia. Kinanda alikuwa mdomo. Jina hilo alipewa kwa sababu ukimgusa tu, sauti inatoka.

Baada ya mazishi, wakati watu wanapeana pole ukumbini, Kinanda alijifungia katika chumba cha kaka ili alie vizuri. Alijua kwamba kuanzia siku hiyo yeye ni nusu mtu. Mdomo usio na kichwa ni tarumbeta ndani ya kabati. Alikwisha kukunja uso tayari kwa kilio cha kwanza, ndipo akaona droo ya meza haijafungwa sawasawa.

Ndani kulikuwa na bahasha ya kaki, na ndani ya bahasha hati tisa nene za kiwanda cha saruji, kila moja ya hisa mia mbili, zikiwa na jina kamili la kaka, muhuri mwekundu na sahihi ya mkurugenzi iliyopinda kwa madaha.

Tuseme ukweli, machozi yalisubiri. Kwanza Kinanda aliumia. Kaka yake, damu yake, alikuwa akifanya mambo halali kisirisiri! Kisha akaacha kuumia na kuanza kupiga hesabu.

"Shemeji, umepata ulichokuwa unatafuta?"

Mke wa kaka alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache, na siku hiyo alivaa kandambili mbili zisizofanana, ya bluu mguu wa kulia na ya kijani mguu wa kushoto. Kinanda alidhani ni majonzi.

"Natafuta leso, shemeji," alisema Kinanda, akiirudisha bahasha mahali pake.

"Leso ziko kabatini. Hiyo ni droo ya karatasi." Akaisukuma ikafungika, akatoka.

Nia ya Kinanda ilikuwa rahisi: azinunue zile hati kwa shemeji kabla shemeji hajajua thamani yake. Lakini chini ya nia hiyo kulikuwa na nyingine, ambayo hangemwambia mtu hata kwa bakora. Alitaka kufanya kazi moja yenye akili bila kaka. Moja tu, ili ajue kama na yeye ana kichwa au amebeba mahali pa kuvalia kofia.

Tatizo ni kwamba hakujua hisa ni nini. Alinunua kijitabu kilichotumika cha wanaoanza, kurasa tisini na mbili, akakaa nacho siku tatu bila kitu kuingia. Mtu huyu hajawahi kujifunza chochote akiwa kimya. Kwa hiyo akafungua darasa la kulipia. Kila Jumamosi saa nne, katika chumba cha kushonea cha shemeji maana kilikuwa na mabenchi, Kinanda alifundisha uchambuzi wa hisa. Sura aliyoisoma Ijumaa jioni ndiyo aliyoifundisha kesho yake kwa sauti ya mtu aliyezaliwa nayo.

Wanafunzi walikuwa sita. Aliyesumbua ni muuza nyama.

"Hisa inauzwa mia," Kinanda alisema, akiandika kwa chaki ya fundi kwenye kitambaa cheusi. "Kampuni inapata faida ya kumi kwa kila hisa, kwa mwaka. Mia gawa kwa kumi?"

"Kumi."

"Maana yake umelipia faida ya miaka kumi. Ukikuta nyingine kama hiyo ambayo unalipia miaka mitano tu, hiyo ni rahisi zaidi. Lakini jiulize kwa nini ni rahisi."

"Miaka kumi!" muuza nyama aling'aka. "Mimi nyama yangu ikikaa siku mbili naitwa muuaji."

"Ndiyo maana huna suti, ndugu yangu."

"Na wewe hiyo suti umeshonewa kwa mkopo. Aliyekushonea huyo hapo."

Darasa likacheka. Shemeji, nyuma ya cherehani yake, akaendelea kupinda pindo la suruali.

Jambo la ajabu likatokea: Kinanda akaanza kuelewa. Alipata ripoti ya mwaka ya kiwanda cha saruji, akaipasua mbele ya darasa kama daktari. Faida imepanda miaka mitatu mfululizo. Madeni madogo kuliko mali. Gawio, yaani ile sehemu ya faida wanayogawiwa wenye hisa, halijakosekana hata mwaka mmoja. Bei bado iko chini. Alitembea nyumbani kifua mbele, akizungumza na marehemu barabarani. Unaona, kaka? Unaona?

Shemeji aliuliza swali moja tu muhula mzima, sindano ikiwa mdomoni.

"Mwalimu, faida tumeiangalia, madeni tumeyaangalia. Hati yenyewe mtu anaikaguaje?"

"Hiyo ni sura ya mwisho, shemeji. Tutafika."

Sura ya mwisho ilihusu jinsi hisa zinavyohifadhiwa. Haikuwa na hesabu wala mchoro, maneno matupu, na Kinanda alikwisha kuamua kwamba ni ya kujazia kurasa. Jumatatu shemeji alipomwomba kijitabu, alimpa bila kuuliza.

Jumatano akaenda kwa shemeji, amevaa suti yake.

"Shemeji, kaka aliacha vikaratasi fulani. Nimefikiri nikupunguzie mzigo."

Shemeji alikuwa na shati la mteja, kaligeuza ndani nje. Ndivyo alivyozoea: nguo yoyote haipokei mpaka aone mishono yake kwa ndani.

"Vikaratasi vya saruji?"

"Hivyo hivyo. Havina kitu, shemeji. Ni usumbufu tu, foleni, fomu."

"Jumamosi ulisema kiwanda ni kizuri."

"Kiwanda kizuri. Hati ndizo zimechoka." Alishangaa mwenyewe jinsi ulimi ulivyopata njia.

Shemeji akaliweka shati chini. "Niangalie, shemeji. Unaniambia wewe, mwalimu wangu, kwamba hizi hati hazina kitu?"

"Hazina kitu. Naapa."

"Sasa unazitakia nini?"

Kinanda akaweka mkono kifuani, akashusha sauti mpaka ile ngazi ya misibani. "Kumbukumbu ya kaka."

Shemeji akalichukua tena lile shati. "Basi kumbukumbu ina bei yake," alisema. Akataja bei. Ilikuwa ada zote za darasa pamoja na akiba yote ya Kinanda, na bado ilikuwa robo ya bei ya soko. Kinanda alilia kidogo kwa ajili ya heshima, akalipa.

Kesho yake asubuhi alikuwa ofisini kwa dalali wa hisa, mbele ya mama mmoja mwenye miwani. Yule mama aliziangalia hati moja moja, akaziinua kwenye mwanga, akatabasamu.

"Sahihi nzuri sana hii. Mkurugenzi mwenyewe hawezi kusaini hivi."

"Asante," alisema Kinanda, bila kujua kwa nini anashukuru.

"Ila hiki kiwanda hakijawahi kutoa hati ya karatasi tangu kiingie sokoni. Hisa zake zote ziko kwenye kompyuta, na jina hili halimo. Hata kijitabu cha wanaoanza kinasema. Sura ya mwisho." Akavua miwani. "Nimwite mlinzi, au unatoka mwenyewe?"

Kinanda akainama kuutazama muhuri mwekundu. Kando ya duara kulikuwa na mistari midogo ya mawimbi, ile ya kuzuia mguu usiteleze bafuni. Ndipo akaujua mkono. Ile sahihi yenye madaha ilikuwa ya kaka, kila kona yake, kila mkia wake. Uchambuzi wake haukuwa na kosa hata moja, isipokuwa kwamba alikuwa amenunua kazi ya kampuni yake mwenyewe.

"Mama, chana zote," alisema, na sauti haikutoka sawasawa. "Niachie moja. Ni ya kaka yangu. Amefariki."

Hii haikuwa ya kuigiza, na labda ndiyo sababu ilimgusa yule mama. Alichana nane. Ya tisa aliigonga neno BATILI, kubwa, akamrudishia.

Shemeji alikuwa anapiga pasi Kinanda alipoingia.

"Ulijua!"

"Mpira wa muhuri nilimkatia mimi. Kandambili yangu ya bluu, ya kushoto." Hakuinua macho. "Alikuwa anajaribu mkono. Alipogundua hawatoi karatasi akacheka wiki nzima, akasema afadhali zikae, ni kazi yake nzuri kuliko zote."

"Ungeniambia, shemeji!"

"Nilikuuliza mara mbili. Ukaapa hazina kitu. Mimi ni nani nikubishie mwalimu?"

Kinanda akakaa kwenye benchi la wanafunzi, hati mapajani, akaanza kucheka, na katikati ya kicheko ndipo kile kilio cha siku ya mazishi kilipomkuta. Shemeji akazima pasi, akaketi karibu naye.

Hati ya tisa iko kwenye fremu, juu ya cherehani. Darasa bado lipo Jumamosi saa nne, ada inapokelewa na shemeji, na sura ya mwisho ndiyo inayofundishwa kwanza.